H-indeksi yako sio cheo: jinsi ya kusoma saitesheni za watafiti wa ubongo

Tangu fomu za kupanda daraja zitoke, dawati letu la huduma za utafiti hapa maktaba ya chuo linapokea lalamiko lile lile karibu kila siku, kwamba Google Scholar inampa mtu h-indeksi 14 (yaani makala zake 14 zimerejelewa na wengine angalau mara 14 kila moja) na Scopus inampa 8, kwa hiyo maktaba imempunja. Hakuna aliyepunjwa jamani. Google Scholar inaokota karibu kila kitu inachokuta mtandaoni, tasnifu, ripoti, hata makala ambazo bado hazijapitiwa na wataalamu, wakati Scopus na Web of Science, ambazo ni hifadhidata za makala za kitaaluma, zinahesabu majarida na vitabu zilivyovichagua zenyewe, sasa namba zitalinganaje?

Wengi wanaokuja ni wa afya ya akili na mishipa ya fahamu, na jina wanalolitaja ni Karl Friston wa University College London, eti mbona yeye h-indeksi yake imepita 200. Haya tumuongelee. Friston ni daktari wa magonjwa ya akili, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitengeneza programu inaitwa SPM ya kuchambua picha za ubongo, ikagawiwa bure, maabara dunia nzima zikaichukua, alafu kila anayeitumia anatakiwa aandike kaitoa wapi. Ndo maana kazi zake zimerejelewa zaidi ya mara laki mbili, na mwaka 2016 Semantic Scholar, injini ya kutafuta makala za kisayansi, ikamweka wa kwanza kwa ushawishi kwenye sayansi ya ubongo. Anastahili, kifaa chake kinafanya kazi. Ila sehemu kubwa ya hizo saitesheni, yaani huko kurejelewa, ni watu waliotumia kifaa, sio watu waliosoma nadharia zake wakakubaliana nazo, kwa hiyo wewe unayetibu kifafa wilayani ukijipima na huyo unajionea bure.

Tena mfano mzuri tunao hapa kwetu Tanzania. Daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, akaona watoto wanaotikisa kichwa bila kujizuia, na mwaka 1965 akachapisha makala kuhusu kifafa kwa Wapogoro. Kwa miaka mingi ni wachache walioishughulikia. Alafu ugonjwa wa kutikisa kichwa ukaibuka Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, watafiti ikabidi warudi kwenye maandishi ya Mahenge. Ubora wa ile kazi haukubadilika, kilichobadilika ni nani anaihitaji.

Na kurejelewa sana hakuthibitishi kwamba kazi ni ya kweli, hili naomba tuelewane kabisa. Kuna makala ya Alzheimer ilitoka jarida la Nature mwaka 2006, ikarejelewa zaidi ya mara 2,000, na mwaka 2024 ikaondolewa kwa sababu picha zake zilikuwa zimechezewa. Zile saitesheni bado zipo, hazifutiki. Kabla hujairejelea makala yoyote fungua ukurasa wake kwenye jarida lenyewe, sio PDF uliyotumiwa WhatsApp, uangalie kama ina tangazo la kuondolewa.

Sasa utaratibu. Fungua namba ya ORCID, ndo utambulisho wako wa mtafiti, ni tarakimu 16 na ni bure, iandike kwenye kila makala unayotuma. Ingia Google Scholar, zima ile sehemu ya kuongeza makala zenyewe bila kukuuliza, kwa sababu mtu mwenye jina kama lako akichapisha kitu Nairobi kinaweza kuja kwako, alafu kamati ikikiona inauliza wewe, haiulizi Google. Makala iliyojirudia mara mbili iunganishe, isiyo yako itoe leo hii. Kuacha kazi ya mwenzako kwenye profaili ukijua si yako ni udanganyifu wa kitaaluma, ombi lako la kupanda daraja linasimamishwa na jalada linaenda kamati ya maadili. Vikundi vya kurejeleana kwa makubaliano navyo ni hivyo hivyo, na msidhani havionekani: mwaka 2023 Clarivate, kampuni yenye Web of Science, iliwaondoa watafiti zaidi ya 1,000 kwenye orodha yake ya wanaorejelewa zaidi.

Ukija dawatini njoo na ORCID yako, orodha ya makala zenye DOI (ile namba ya kudumu ya kila makala), na useme ni hifadhidata gani unailalamikia na uliifungua tarehe gani, maana namba zinabadilika kila wiki. Skrinshoti peke yake haitoshi, tutakurudisha.