Rangi ya mabuyu: kwa nini huku ruhusa, kule marufuku

Mwezi wa Maulidi nilikuwa Lamu, mtaa wa Langoni, nimekaa barazani kwa mama mmoja anayetengeneza mabuyu. Sukari ilikuwa jikoni yachemka, naye mkono mmoja ameshika mwiko, mwingine simu. Mwanawe aliye Mombasa alimtumia ule ujumbe unaozunguka WhatsApp: orodha ya rangi za chakula zilizodaiwa kupigwa marufuku Ulaya ilhali sisi Afrika tunalishwa. Alinionyesha, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu: "Mwanangu, hini rangi yangu ni sumu?"

Mimi ni mkemia wa chakula, makazi yangu Malindi, na swali hilo huulizwa kila wiki, na wauza halwa, na wapika viazi karai, na akina mama wanaoona ulimi wa mtoto umekuwa mwekundu tangu asubuhi. Jibu la ndiyo au la halinitoki, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni kama rangi fulani, kwa jina lake, inadhuru. La pili ni kama hicho kilichomo kifukoni ndicho rangi hiyo kweli. Ujumbe wa WhatsApp hugusa lile la kwanza tu, na hata hilo hulikosea.

Nyekundu zinazotumika sana kwenye peremende na vinywaji ni kamoisini, nambari 122 katika orodha ya kimataifa ya viongezi vya chakula, na ponso 4R, nambari 124. Manjano ya biriani na ya viazi karai mara nyingi ni tatrazini, 102, au sanseti yelo, 110. Hizi zote nne zinaruhusiwa Ulaya. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na benzoati ya sodiamu, dawa ya kuhifadhi vinywaji visiharibike, wakaona baadhi yao wanazidi kuhangaika na kukosa utulivu. Umoja wa Ulaya haukuzifuta. Tangu Julai 2010 uliwalazimu watengenezaji waandike kwenye pakiti kwamba rangi hizo zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Ni rangi sita: hizo nne, pamoja na 104 na 129.

Sasa vuka bahari uende Marekani. Kule 122 na 124 haziruhusiwi kabisa kwenye chakula, kwa sababu sheria yao inataka kila rangi iwe imeorodheshwa kwanza, na hizo hazimo. Lakini tatrazini na sanseti yelo zinaruhusiwa bila onyo kama lile la Ulaya. Kwa hiyo peremende yenye 122 hukataliwa New York, na Paris huweza kukubaliwa ikiwa na karatasi ya onyo. Habari ya "wao wanajilinda, sisi tunatupiwa" haisimami hapo.

Kinachozigawa nchi kwanza ni sheria, kabla hata ya sayansi. Mfano ulio wazi ni eritrosini, nambari 127, ile nyekundu ya cheri za keki, ambayo Wamarekani huiita nyekundu nambari 3. Panya madume waliolishwa kiasi kikubwa mno walipata uvimbe wa tezi ya shingoni. Marekani ina kifungu cha sheria, cha mwaka 1958 kwa viongezi na 1960 kwa rangi, kinachosema kitu kikisababisha saratani kwa mnyama au kwa mtu hakiruhusiwi, hata kipimo kiwe kidogo vipi. Mwaka 1990 waliiondoa kwenye vipodozi, ikabaki kwenye chakula. Januari 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaifuta kwenye chakula pia, na kuwapa watengenezaji hadi Januari 2027. Katika tangazo hilohilo FDA ilieleza kwamba njia inayoleta uvimbe kwa panya wale haitokei kwa binadamu. Sheria haikuwaachia nafasi ya kupima uzito wa jambo. Ulaya, isiyo na kifungu cha namna hiyo, bado inairuhusu, ila kwenye cheri tu.

Mfano wa pili ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu hapo ushahidi ni mmoja na hukumu ni mbili. Titani dioksidi, nambari 171, ni unga mweupe unaong'arisha bazoka, sukari ya juu ya keki na vidonge. Ufaransa iliizuia Januari 2020. Mwaka 2021 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema hawawezi kuondoa shaka kwamba chembe zake ndogo sana huharibu vinasaba, na mwaka 2022 Umoja wote ukaifuta kwenye chakula. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, lile linaloishauri Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, lilitazama ushahidi huo pamoja na mpya, likaona hakuna sababu ya kubadili msimamo. Uingereza na Marekani zinaendelea kuiruhusu. Hakuna aliyedanganya hapo. Mmoja anauliza, "Je, imethibitika kudhuru?" Mwingine anauliza, "Je, imethibitika kuwa salama?" Mimi, kwa kitu ambacho kazi yake ni weupe peke yake, nasimama na Ulaya. Mtoto hapungukiwi na lolote bazoka ikiwa kijivu.

Na kuna potasiamu bromati, inayotiwa unga wa ngano ili mkate uumuke. Hapa sina kigugumizi. Imeainishwa kuwa huenda husababisha saratani kwa binadamu. Mkate ukiiva sawasawa na kipimo kikiwa sahihi, karibu yote hugeuka bromidi. Kikizidi, au tanuri likiwa na moto hafifu, hubaki ndani ya mkate. Uingereza iliikataza 1990, Kanada 1994, India 2016. Vitamini C hufanya kazi ileile, basi sioni kwa nini boflo la mtu litegemee uangalifu wa mchoma mkate.

Nirudi barazani. Nilitoa mizani yangu ndogo, kama ile ya sonara, nikamwomba mama apime kama anavyopima siku zote. Kijiko kimoja cha chai, sawa na ukingo, kwa kilo mbili za mabuyu yaliyokwisha kuviringishwa kwenye sukari. Kijiko kile kilikuwa gramu 3. Ukigawa, kila kipakiti chake cha gramu 20 kinabeba miligramu 30 za unga wa rangi. Unga huo mara nyingi huwa umechanganywa na chumvi, lakini tuchukulie ni rangi tupu.

Kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maishani bila wasiwasi hupatikana hivi: huchukuliwa kipimo ambacho wanyama hawakudhurika, kikagawanywa, mara nyingi kwa 100. Kwa kamoisini ni miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 ana nafasi ya miligramu 60, hivyo kipakiti kimoja ni nusu yake. Kwa ponso 4R wataalamu wa FAO na WHO wanasema 4 vilevile, lakini Ulaya mwaka 2009 iliishusha hadi 0.7. Kwa hesabu hiyo mtoto yuleyule ana nafasi ya miligramu 10.5 tu, na kipakiti kimoja kimeivuka karibu mara tatu. Rangi mbili zinazofanana machoni, kijiko kilekile, na jibu linageuka kabisa. Nilipomweleza, mama alikaa kimya, kisha akauliza lile swali nililokuwa nalingoja: yake ni ipi kati ya hizo mbili?

Hatukuwa na pa kusoma. Kifuko kilikuwa plastiki iliyofungwa fundo, hakina jina wala nambari. Tukaenda dukani alikonunua. Muuzaji anachota kwa kijiko kutoka kopo, na kando ya kopo hilo, kwenye rafu hiyohiyo, kuna makopo ya rangi za ukili, zile zinazochemshwa kutia mikeka nakshi. Nikauliza kama vijiko ni tofauti. Ni kimoja.

Hapo hofu yangu ikawa rodamini B. Hiyo ni rangi ya viwandani, ya waridi iliyokoza, haina ruhusa kwenye chakula Ulaya, Marekani wala kwenye orodha ya Codex. Hapo ndipo wote hao wamekubaliana. Mwaka 2024 majimbo kadhaa ya India yalizuia sukari ya pamba baada ya kuikuta humo. Ina tabia moja: ikiwa imeyeyushwa kidogo kwenye maji na ikamulikwa kwa taa ya urujuanimno, hung'aa. Wakala wa M-Pesa jirani alikuwa na ile taa ya kukagulia noti bandia, akatuazima. Tulitia punje chache za unga kwenye gilasi ya maji, tukafunga mlango. Maji yaling'aa rangi ya machungwa.

Huo si ushahidi wa mahakamani, na iko rangi halali inayong'aa kidogo pia. Nilichukua sampuli niipime inavyostahili, kwa karatasi na chumvi, rangi zikitengana mstari kwa mstari. Lakini mama hakungoja majibu. Alikimwaga kifuko chote shimoni, pamoja na mabuyu ya siku ile, kilo mbili nzima, msimu wa Maulidi ambao ndio mavuno yake. Nilimsaidia kuosha sufuria.

Sasa ananunua kikopo kilichofungwa kiwandani, chenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari 122, na anatia robo ya kijiko badala ya kizima. Mabuyu yametoka waridi badala ya damu ya mzee. Tulijaribu na zingefuri pia, mbegu za mzingefuri zilizopashwa kwenye mafuta, rangi ambayo Ulaya na Marekani zote zinaikubali. Kwa wali na viazi karai inapendeza sana. Kwenye mabuyu ilikataa: hutoa rangi ya machungwa, na mafuta hayashikani na sukari. Amesema atajaribu tena kwa maji ya choya, na mimi nimeahidi kurudi na mizani, safari hii nipime na achari ya maembe.