Hadteli si jina la baiskeli kuukuu

Hadteli (kwa Kiingereza hardtail, yaani mkia mgumu) ni baiskeli ya milimani isiyokuwa na springi nyuma. Fremu yake ni kitu kimoja, na gurudumu la nyuma limefungwa kwenye fremu hiyo bila kiungo kinachopinda katikati. Mbele huwa na foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, ya kumeza mishtuko kwa springi au hewa. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Tatizo ni kwamba hapa Mombasa neno limeanza kubebeshwa maana ambayo halikupewa. Wauzaji wa baiskeli za mtumba hukwambia "hii ni hadteli tu" kwa sauti ya mtu anayeuza simu ya vibonyezo. Kwao hadteli ni kuukuu, ni ya bei ya chini, ni ya kungojea upate ya maana. Na mwenye nayo akishaipeleka kwa fundi, ikatiwa breki za diski, sahani tatu za meno za mbele zikawa moja, usukani mwembamba ukapisha mpana, hutangaza kwa fahari: "Nishaigeuza, si hadteli tena."

Ni hadteli. Ivishe gia za umeme, ipake rangi upya, itie foku ya bei ya pikipiki, bado ni hadteli, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichogusa pale panapoitwa mkia. Neno hili halisemi lolote kuhusu umri wala bei. Linasema nyuma hapachezi.

Jina lilitoka kwa watu wa pikipiki wa Marekani, na walikolitoa ndiko kunakoeleza mambo. Pikipiki nyingi za zamani hazikuwa na springi nyuma. Mgongo wa dereva uliokolewa na springi za kiti. Mwaka 1949 Harley-Davidson walitoa Hydra-Glide, yenye foku ya mbele iliyomeza mishtuko kwa mafuta, huku nyuma pakibaki pagumu kama kawaida. Mwaka 1958 ikaja Duo-Glide, na sasa nyuma nako kukawa na shokabsoba. Kabla ya kuwapo mkia laini, nani angekuwa na haja ya kuuita mwingine mgumu? Pikipiki ya zamani haikubadilika hata skrubu moja, ila ilipata jina kwa sababu jirani yake alibadilika.

Kisha yakatokea ya kuchekesha. Mwaka 1984 kampuni ile ile ilitoa Softail, ambayo ina shokabsoba nyuma lakini imezificha chini, ili ukiitazama kwa mbali udhani ni fremu ngumu ya zamani. Watu walitoa pesa yao kununua umbo la mkia mgumu. Anayedhani neno hili lilizaliwa kuwa la dharau na atafakari hilo.

Kwenye baiskeli mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila kwa haraka zaidi. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakiokota baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940 zenye matairi manene na kuteremka nazo milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza kwenye njia waliyoiita Repack. Njia ilipata jina hilo kwa sababu breki zilikuwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na ukifika chini grisi imeshaungua yote, huna budi kufungua habu na kuipakia grisi upya. Mwaka uliofuata Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa kazi hiyo, na 1981 kampuni ya Specialized wakaingiza baiskeli yao ya Stumpjumper madukani. Zote hizo hazikuwa na springi mbele wala nyuma, na hakuna aliyeziita hadteli. Ziliitwa baiskeli za milimani, kwa kuwa hapakuwa na nyingine za kutofautishwa nazo. Mwaka 1989 Paul Turner akaanzisha kampuni ya RockShox na kuuza foku za kumeza mishtuko. Waundaji wengine nao wakawa wanahangaika na fremu zinazopinda nyuma, na hapo ndipo watu wa baiskeli walipoazima neno la watu wa pikipiki.

Kwa hivyo makundi ni matatu, ingawa mjini hapa yanasemwa mawili. Kuna baiskeli isiyo na springi popote. Kuna hadteli, yenye foku ya kuchezacheza mbele na mkia mgumu. Na kuna yenye springi mbele na nyuma. Kiti chenye springi hakihesabiwi, wala nguzo ya kiti inayobonyea. Hivyo hustarehesha makalio lakini gurudumu la nyuma halivijui. Ukibishana na mtu, mwambie atazame kati ya ekseli ya nyuma na kranki, pale pedali zinapozungukia. Akikosa kiungo kinachopinda, mjadala umekwisha.

Hapa lazima niseme na jambo la hizo baiskeli mpya zinazong'aa madukani, zenye springi nyekundu katikati, ambazo mzazi humnunulia kijana akidhani amempandisha daraja. Nyingi za bei ya chini ni nzito, na springi ile haina kitu cha kuituliza, ikibonyea inarudi kama ilivyopenda. Panda nayo mlima wa Mazeras uone: kila ukikanyaga, sehemu ya nguvu inakwenda kubonyeza springi badala ya kuzungusha gurudumu. Viungo vya nyuma navyo, kwa hewa yetu ya chumvi, huanza kulia mapema. Hadteli ya miaka ya 1990 iliyoletwa na kontena, yenye fremu nzima, naichagua mbele ya hiyo bila kufikiri mara mbili. Ndiyo maana inafaa kufufuliwa, na ndiyo maana inauma kuisikia ikitukanwa kwa jina lake mwenyewe.

Kuifufua ni kazi ya aina mbili zinazochanganywa. Kuirudisha ni kuifanya iwe kama ilivyotoka kiwandani: vipuri vya wakati wake, stika zake, hata sahani zake tatu. Kuifanya ya kisasa ni kuitia vipuri vya leo kadiri fremu itakavyokubali. Neno zito hapo ni kukubali, kwa sababu fremu ya zamani ina vipimo vyake na haidanganyiki.

Ila kwanza chumvi. Baiskeli iliyoishi Pwani, au iliyokaa nje Nyali na Bamburi kwa muda, usiiulize gia kabla hujaiuliza nguzo ya kiti. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, ikipata unyevu wa bahari bila grisi, huota unga mweupe unaovimba na kuzishika pamoja. Nyundo si dawa. Mimina mafuta ya kupenyeza, uache usiku kucha, kisha uizungushe taratibu huku na huku, na ikitoka uirudishe na grisi. Beringi za kranki nazo zina mtego wake: kwenye fremu nyingi za milimani za enzi hiyo, kikombe cha upande wa mnyororo kina nyuzi za kinyume. Kukilegeza unazungusha kuelekea mwendo wa saa. Fundi asiyejua hilo hukaza akidhani anafungua, na kadiri anavyoongeza bomba kwenye spana ndivyo fremu inavyoelekea kwa muuza vyuma chakavu.

Gia ndiyo sehemu rahisi. Habu za nyuma za kampuni ya Shimano za kaseti (rundo la sahani za meno za nyuma) zenye gia 8, 9 na 10 hutumia mwili ule ule wa kupachikia kaseti, kwa hivyo gurudumu la zamani linaweza kubeba kaseti pana ya siku hizi bila kubadilishwa. Mbele weka sahani moja yenye meno manene na membamba yanayopokezana, ambayo hushika mnyororo usiruke. Waya mmoja umeondoka na deraya ya mbele, ile inayohamisha mnyororo, imeondoka, na vitu viwili vya kushika kutu vimepungua.

Magurudumu ndipo watu wanapopoteza pesa. Hadteli nyingi za zamani zina nafasi ya milimita 135 nyuma, kwa ekseli nyembamba ya kwiki, inayofunguliwa kwa mkono bila spana. Fremu za leo ni 142, au 148, kwa ekseli nene inayopenya. Anayekuuzia gurudumu la 148 na kukuhakikishia kwamba "fundi atapanua fremu" anakuuzia matatizo, na fremu ikiwa ya alumini anakuuzia ufa. Kisha kuna ukubwa wenyewe. Rimu ya inchi 26 ya baiskeli ya milimani ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa, ya 27.5 ni 584, na ya 29 ni 622. Kutoka 559 hadi 584 gurudumu linapanda milimita 12.5 kila upande, kwa hivyo mipira ya breki za rimu haifiki tena inapotakiwa, na tairi likiwa nene linaweza kusugua fremu. Na kwa kuwa tumo kwenye inchi: black mamba ya kubebea maji na mikate, inayoitwa ya 28, ina rimu ya milimita 635. Ndiyo, rimu ya 28 ya mzee ni kubwa kuliko ya 29 ya kijana. Inchi zilizochapwa kwenye tairi ziliachwa nyuma na vipimo vyenyewe zamani, soma ile namba ya milimita iliyoandikwa pembeni.

Breki za diski zinatamaniwa na kila mtu. Kama fremu haina mahali pa kufungia, usiende kuchomelea. Fremu ya alumini hupikwa kwa joto maalumu baada ya kuunganishwa ili iwe ngumu. Moto wa kuchomelea wa kibanda cha mtaani unailegeza pale pale panapobeba nguvu ya breki. Breki zile za mikono mirefu ambazo Shimano walizileta 1996, zikipata mipira mizuri na waya mpya, husimamisha baiskeli vya kutosha kwa mtu wa Kisiwani. Anayetaka diski aweke mbele peke yake, kwenye foku yenye mahali pake na habu inayofaa. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa hata hivyo.

Sasa foku, ambayo ndiyo iliyoleta ule msemo wa "si hadteli tena". Kijana anapata foku ndefu yenye mchezo (urefu wa kubonyea) wa milimita 140, anaitia kwenye fremu iliyochorwa kwa 80, kisha anasema ameibadilisha jinsi. Alichobadilisha ni pembe. Kila milimita 20 zikiongezeka mbele, kichwa cha fremu, lile bomba la mbele linaloshika foku, kinalala nyuma kwa takriban digrii moja, na kranki zinapanda juu. Kidogo chake kinasaidia kwenye mteremko, kwani fremu za zamani zilisimama wima, digrii 71 hivi, na za leo zimelala zaidi. Lakini foku ndefu pia ni wenzo mrefu unaokibandua kichwa cha fremu kila ukigonga shimo. Fremu ya 80 nitaipa 100, na hapo nimekaribia mwisho wa ukarimu wangu. Kuna na suala la shingo ya foku, ile inayoingia ndani ya kichwa cha fremu: fremu hizo zina bomba lililonyooka la inchi moja na moja ya nane, ilhali foku nyingi mpya zina shingo inayopanuka chini. Haziingiliani, na tupa haisaidii.

Usukani mpana na stemu (kishikio cha usukani) fupi ni vitu vya bei ya chini vinavyobadilisha safari kuliko vyote hivyo, na sina zaidi la kusema kuvihusu.

Limebaki kosa la upole, la wanaoita hadteli hata ile isiyo na springi popote. Hao sitagombana nao, maana mkia wao kweli ni mgumu, na neno likisomwa kwa herufi zake linawakubali. Wajue tu kwamba akitajiwa hadteli, fundi atadhani mbele pana springi, na hapo ndipo hasara inapoingia. Foku ya chuma tupu ya baiskeli iliyozaliwa bila springi ni fupi, milimita 400 hivi kutoka ekseli hadi kwenye taji, pale mikono miwili ya foku inapokutana, na ile ya springi yenye mchezo wa 80 inakaribia 450. Ukiagiza moja ukapewa nyingine, baiskeli itakuinamisha kama unatafuta sarafu, au itakuinua pua kama mashua iliyobeba nyuma. Kwa hivyo unapomwagiza mtu foku, ongeza maneno mawili: yenye springi, au isiyo na springi. Kisha pima ile ya zamani kwa futi kabla hujaitupa.