Hesabu miche, usiishie kuhesabu wanyama

Mradi wa kurudisha wanyama msituni ukitangazwa, habari huwa ni idadi yao: wangapi wameachiwa, wangapi wamezaa, wangapi wameliwa na mbwa. Kazi yangu ni ikolojia ya misitu, na habari hizo huzisoma kwa hamu. Ila swali ninalolitafutia jibu ni jingine: je, mbegu zimeanza tena kusafiri?

Katika misitu ya tropiki, asilimia 70 hadi 90 ya aina za miti hukadiriwa kuwa zinategemea wanyama kusambaza mbegu zake. Tunda likiiva na kudondoka chini ya mti uliolizaa, mbegu yake haina matumaini makubwa. Wanaikolojia Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kwa upande wake, walieleza sababu: wadudu na ukungu wanaoishi kwa kutegemea aina moja ya mti hujazana pale pale mti huo ulipo, na mche ukichipua hapo unakuwa umewafuata maadui zake nyumbani. Mbegu iliyochukuliwa na kupelekwa hata makumi machache ya mita imeshakwepa mengi.

Wanyama wakiwindwa hadi wakaisha, miti haifi siku hiyo hiyo. Mti mkubwa utaendelea kuzaa msimu baada ya msimu, pengine kwa karne nzima au zaidi, na matunda yataozea chini. Ukiutazama msitu huo kutoka barabarani, au kwenye picha ya setilaiti, utasema hauna kasoro. Mwanaikolojia Kent Redford aliuita msitu mtupu katika makala yake ya mwaka 1992. Ukitaka kuuona utupu wenyewe, inama. Tazama chini ya miti yenye mbegu kubwa: miche imesongamana shinani, mingi imedumaa, na ukisogea hatua chache kutoka hapo hukuti hata mmoja.

Mahali ambapo watu waliamua kulishughulikia jambo hili kwa makusudi ni Tijuca, msitu ulio ndani ya jiji la Rio de Janeiro. Karne ya 19 milima ile ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kahawa, na vyanzo vya maji ya jiji vikaanza kupungua. Kuanzia mwaka 1861 serikali ya kifalme ya Brazili ikaanza kuipanda miti upya chini ya Meja Manuel Gomes Archer. Walioshika majembe walikuwa watumwa, na hilo linastahili kutajwa kila msitu huu unaposifiwa. Mwaka 1961 ukawa hifadhi ya taifa, na leo una karibu hekta 4,000. Miti ilirudi, ila sehemu kubwa ya wanyama haikurudi nayo.

Mwaka 2010 watafiti wa Refauna, mradi wa kurudisha wanyama msituni humo, akiwemo Fernando Fernandez wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro, walianza na mnyama ambaye hakuna anayemweka kwenye kalenda: aguti. Ni mgugunaji, mfano wa ndezi aliyepewa miguu ya digidigi. Hawakwenda mbali kuwatafuta, maana wengine walikuwa wakiishi Campo de Santana, bustani ya umma katikati ya jiji, wakikimbia huku na huku miguuni mwa wapita njia. Waliwekwa kwanza kwenye mazizi ndani ya msitu wapate kuzoea, wakavishwa kola za redio, kisha milango ikafunguliwa.

Kwa nini aguti? Mtazame anavyokula. Huketi wima, akalishika tunda kwa mikono miwili, akaligeuza taratibu huku akimenya nyama yake kwa meno. Akishashiba, mbegu inayofuata haili. Huitia mdomoni, akaondoka nayo, akachimba kishimo kifupi, akaiweka, akarudishia udongo na kuushindilia kwa miguu ya mbele, na mara nyingi akamalizia kwa kufunika majani makavu juu. Kisha huifuata nyingine na kuifukia mahali pengine. Hiyo ni akiba yake ya miezi ya njaa, na haiweki ghalani mahali pamoja bali huitawanya, mbegu moja shimo moja. Akiba nyingine huisahau. Nyingine hubaki kwa sababu mwenyewe ameliwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka Panama ulionyesha kwamba mambo hayaishii kwenye shimo la kwanza. Watafiti walizifunga mbegu za mchikichi mweusi, Astrocaryum standleyanum, vifaa vidogo vya redio na kuzifuatilia. Aguti walikuwa wanaibiana. Mmoja anafukia, mwenzake anafukua na kwenda kufukia kwake. Kuna mbegu iliyofukiwa upya mara 36, ikasafirishwa zaidi ya mita 700 kwa jumla, na mwisho ikawa karibu mita 280 kutoka ilipoanzia. Mimi hadi leo sijaona matokeo ya shambani yaliyonifurahisha kuliko hayo, kwa sababu yanaeleza jinsi mbegu kubwa, ambazo huenda zamani zilibebwa na wanyama wakubwa waliokwisha toweka Amerika, zilivyoweza kuendelea kutembea.

Tijuca nako kipimo kilikuwa mbegu. Upo mti uitwao Joannesia princeps, wenye mbegu kubwa na ngumu, na Wabrazili huuita kwa jina linalotokana na la aguti mwenyewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba pale aguti waliporejea, mbegu za mti huo zilianza tena kubebwa na kufukiwa. Kwangu mimi hayo ndiyo mafanikio ya mradi.

Waliofuata mwaka 2015 ni tumbili wangurumaji, ambao hawakuwa wamesikika Tijuca kwa zaidi ya karne moja. Hawa humeza matunda na kuziacha mbegu kwenye kinyesi. Hapo anaingia mshirika asiyehesabiwa: mbawakawa wa mavi, anayeviringisha na kuzika vipande vya kinyesi hicho, mbegu zikiwa ndani, mbali kidogo na macho ya panya. Ukimrudisha tumbili umemrudishia na mbawakawa riziki yake. Baadaye homa ya manjano iliwaua tumbili wengi wa aina hiyo kusini mashariki mwa Brazili, na kazi ya kuwaachia wengine ikalazimika kusubiri. Mwaka 2020 wakaletwa kobe wa msituni wenye miguu ya njano.

Kuna sababu ya kutochelewa. Mwaka 2013 Mauro Galetti na wenzake walionyesha kwamba katika vipande vya msitu wa Atlantiki wa Brazili ambamo ndege wakubwa kama tukani, mwenye mdomo mkubwa, wametoweka, mbegu za mnazi pori uitwao Euterpe edulis zimekuwa ndogo. Ndege waliobaki wana midomo midogo, hivyo mbegu kubwa haimezwi na ndege yeyote, inakufa chini ya mti, na kizazi kinachofuata kinatokana na zile ndogo tu. Mabadiliko hayo yametokea ndani ya miaka isiyozidi mia hivi. Mbegu ndogo hukauka upesi. Na kwa jumla miti yenye mbegu kubwa ndiyo mara nyingi yenye mbao nzito zinazoshika kaboni nyingi, kwa hiyo aguti na tukani wanahusika hata na hesabu za hali ya hewa.

Je, kama mnyama mwenyewe ametoweka duniani? Mauritius iliwahi kuwa na aina mbili za kobe wakubwa, na zote ziliisha. Kwenye kisiwa kidogo kilicho kando yake, Ile aux Aigrettes, chenye hekta 26 hivi, mti wa mbao nyeusi Diospyros egrettarum ulikuwa umekatwa kwa kuni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hata baada ya kukatazwa haukuweza kuenea kwa sababu matunda yake yalikosa wa kuyala. Mwaka 2000 wakaletwa kobe wa Aldabra, aina ile ile inayofugwa Changuu, Zanzibar, ambao nao walitoka Shelisheli. Utafiti wa Christine Griffiths na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mbegu zilizopita tumboni mwa kobe ziliota vizuri zaidi, na miche ikaonekana mbali na miti mama. Mgeni amefanya kazi ya marehemu.

Ila Mauritius hiyo hiyo inatufundisha kuwa na tahadhari. Mwaka 1977 Stanley Temple aliandika kwamba mti wa tambalacoque unakufa kwa sababu dodo, ndege aliyetoweka zamani, hayupo wa kuzimeza mbegu zake. Aliwalisha bata mzinga mbegu 17, na 3 zikaota. Simulizi ikaenea duniani kote. Hakuwa na mbegu zisizolishwa za kulinganisha nazo, na wengine baadaye walionyesha kwamba mbegu huota hata bila kumezwa na kwamba ipo miti michanga zaidi ya alivyodhani. Kwa hiyo kabla ya kumleta mnyama yeyote, panda mbegu zilizoliwa na zisizoliwa, sambamba. Ni kazi ya vitalu na uvumilivu, na haina gharama kubwa.

Huku kwetu tatizo limeshapimwa. Usambara Mashariki, Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha mwaka 2003 kuhusu Leptonychia usambarensis, mti ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Katika vipande vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, ndege wale ni wachache, mbegu nyingi hazichukuliwi, na miche hujibana chini ya mti mama. Na aguti wetu tunaye: panya buku, ambaye Watanzania wengi wanamfahamu kwa kunusa mabomu kule Morogoro. Nyungwe, Rwanda, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha wagugunaji, panya buku akiwamo, wakibeba na kuficha mbegu za mti wa Carapa. Mara nyingi sisi tunamtega na kumla bila kujua kwamba tumemla mpanda miti.

Nikiulizwa Usambara ianze wapi, sitasema tuagize wanyama kwa makasha. Ndege bado wapo kwenye msitu mkubwa wa Amani; kinachokosekana ni njia ya kuvifikia vipande vilivyotengwa, na ndiyo maana ushoroba wa Derema, ukanda wa msitu unaounganisha sehemu hizo, una thamani kubwa kwangu. Jambo jingine linalonipa wasiwasi ni msizi, Maesopsis eminii, mti ulioletwa Amani na wageni ukasambaa msituni kwa msaada wa hondohondo. Tijuca wana fenesi lao, nalo ni mvamizi. Msambazaji hachagui mbegu ya mwenyeji na ya mgeni, kwa hiyo kazi ya kung'oa miti vamizi inapaswa kutangulia au kwenda pamoja na ile ya kurudisha wanyama.

Na kama una mradi wa aina hii mkononi, kabla hujafungua zizi chagua miti mama kadhaa, pima viwanja vidogo chini yake na vingine kwa umbali wa mita 10, 30 na 100, uandike miche yote uliyoikuta kwa aina na urefu. Rudia kila mwaka msimu ule ule, na usiache hata mnyama akishakuwa maarufu.