Maikro-RNA ni nini, na inafanya nini kwenye saratani ya kongosho

Juzi barazani baada ya alasiri nimetamka neno maikro-RNA tu, ami yangu akadakia, "si ile ya chanjo ya korona hiyo?" Hapana ami, ile ya chanjo ni RNA mjumbe, hii ni nduguye mdogo na kazi yake kumziba mdomo huyo mjumbe.

Chukua shughuli ya harusi. Daftari la mapishi la bibi limefungiwa kabatini, halitoki, hilo ndo DNA. Mtu ananakili kipande anakipeleka jikoni, kikaratasi hicho ndo RNA mjumbe, na biriani linalotoka ndo protini. Sasa maikro-RNA ni yule kijana anaekaa mlangoni mwa jiko, yeye hapiki hata chai, ila karatasi fulani zikipita anazikamata, nyengine anazishikilia zisisomwe nyengine anazichana kabisa. Maikro-RNA yenyewe ina herufi kama 22 tu, na moja inaweza kubana karatasi za jeni nyingi kwa pamoja, jeni ndo kila pishi moja la daftarini. Walioigundua ni Victor Ambros na Gary Ruvkun, mwaka 1993, kwenye kijinyoo cha milimita 1, wengi wakaona hayo mambo ya minyoo tu hayatuhusu, mpaka 2024 ndo wakapewa Nobel.

Haya, kongosho, kile kiungo kinachotoa insulini na maji ya kusagia chakula. Kimejificha nyuma ya tumbo, ndo maana saratani yake mara nyingi inajulikana mtu keshakuwa manjano macho na mwili umeisha. Kwa wagonjwa kama asilimia 90 jeni ya KRAS imeharibika, imekwama kwenye "gawanyikeni, gawanyikeni". Kuna maikro-RNA inaitwa let-7 ambayo kawaida inaipunguza kasi KRAS, lakini kwenye uvimbe huu mara nyingi yenyewe imepungua, mlango hauna mtu. miR-21 (miR ni kifupi cha maikro-RNA) kinyume chake, imezidi, na karatasi anazochana ni za PTEN, ambayo ndo breki ya seli, tena uvimbe wenye miR-21 nyingi huwa mgumu kwa jemsitabini, dawa ya saratani. Halafu zile za ukoo wa miR-200, hizi zinafanya seli zishikamane, zikipotea protini ya ZEB1 inapanda, seli zinaachiana, zinaanza safari mpaka kwenye ini.

Kwahiyo mie sipendi watu wanavyosema maikro-RNA "nzuri" na "mbaya", kijana ni yule yule, inategemea karatasi ya nani kaichana.

Ami akauliza, sasa si mkamrejeshe huyo aliepotea? Wamejaribu yakhe. Walitengeneza dawa ya kuiga miR-34, maikro-RNA nyengine inayozuia uvimbe na hupotea kwenye saratani nyingi, wakaijaribu kwa wagonjwa wa saratani mbali mbali, 2016 ikasimamishwa maana kinga ya mwili iliwageukia baadhi yao vibaya sana. Na kongosho ina tabu yake ya ziada, uvimbe wake unajizungushia nyama ngumu kama kovu, dawa inafika nje inagonga, ndani haiingii.