Kusini "hawajasoma", Kilimanjaro "wamesoma", na wote wapinzani?

Juzi tena. Mtu mzima, shahada anayo, ananiambia Mtwara Mjini na majimbo ya Kilwa yalikwenda CUF mwaka 2015 kwa sababu "kule shule hakuna". Haya. Nikamuuliza, na Moshi Mjini iliyokaa na CHADEMA kuanzia 2000 hadi 2020? Akajibu bila kupepesa: "Kule wamesoma." Jamani! Kutosoma kunaleta upinzani, kusoma nako kunaleta upinzani. Sasa hiyo elimu inaeleza nini?

Kuchukua wastani wa mkoa ukamvika mtu mmoja mmoja ni kosa la siku nyingi. Mwanasosholojia Robinson alilianika mwaka 1950 kwa sensa ya Marekani ya 1930: majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache, ilhali wahamiaji wenyewe walikuwa nyuma kidogo ya wazawa. Walihamia tu kwenye majimbo yaliyosoma. Nipite.

Kinachonichefua hasa ni lile swali la madodoso, "kipato chako kwa mwezi". Mwezi upi? Mkute mkulima wa Tandahimba mwezi wa nne, hana kitu. Pengine korosho yake imeshakwenda kwa kangomba, yaani wanunuzi wa magendo, kabla mkorosho haujatoa ua. Mkute malipo ya mnada yakishapita AMCOS, chama chao cha ushirika: bati jipya, pikipiki mlangoni. Mtu yule yule, shamba lile lile, ila kwenye jedwali lako huyu fukara na yule ana nafuu. Halafu unataka kunionyesha kipato kinavyoelekeza kura! Ninaowahoji mimi hawagombani na kiasi walichonacho. Wanagombana na anayepanga bei na anayechelewesha malipo. Msimu wa 2018/19 wakulima waligomea bei za mnada, Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba mzigo. Kisha ukaja uhakiki wa wakulima kabla ya kulipwa, na aliyevuna nyingi ndiye aliyebanwa zaidi. Mwenye nacho akawa na kinyongo kuliko jirani yake wa magunia mawili. Hilo utaliweka safu gani?

Badala ya kuuliza kipato, hesabu miti, bati na mifugo. Ni kazi, najua.

Elimu nayo haiko salama. Mzee wa Kilwa Kivinje amekaa madrasa miaka na miaka, Kiarabu anakisoma, dodoso linamwandika "hakusoma". Mjukuu wake aliyemaliza kidato cha sita yuko Mbagala, Dar es Salaam, anapiga kura huko huko. Wastani wa Lindi hauna habari naye.

Na itikadi? CUF ilikuwa mwanachama wa umoja wa kimataifa wa vyama vya kiliberali, watu wa soko huria. Wengi niliowasikia wakiinadi huku walitaka Serikali iisimamie bei ya korosho, na 2013 mji mzima wa Mtwara ulikuwa ukisema gesi haitoki kwenda Dar es Salaam. Huo uliberali mnionyeshe, mimi sijauona.

Ukinibana nikupe sababu yangu, nitakwambia ni hisia ya kuachwa: barabara ya kwenda Dar es Salaam ilivyochelewa, gesi, korosho. Lakini hapo nasitasita. Pengine nami nafanya kama yule bwana, naitafutia mikoa miwili sababu moja. Na kuipima siwezi, maana kila ninayemuuliza kama Kusini imeachwa ananijibu ndiyo, hata mwenyekiti wa tawi la CCM, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.