Kupima upya urithi wa rais: mfano wa Ulysses Grant

Urithi wa rais ni kile anachokiacha: sheria, mikataba, taasisi na jina lake, liwe zuri au baya. Kuupima upya maana yake ni kurudi kwenye kumbukumbu zilezile na kuuliza nini kiliwekwa kwenye mizani, nini kiliachwa chini, na mizani ilishikwa na nani. Kashfa hazifutwi.

Ulysses Grant, jenerali aliyeshinda Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kisha akatawala kuanzia 1869 hadi 1877, ni mfano mzuri. Mwaka 1948 wanahistoria walioulizwa na mwenzao Arthur Schlesinger wawapange marais kwa ubora walimweka wa pili kutoka mkiani. Katika upimaji wa C-SPAN, kituo cha televisheni cha Marekani, wa mwaka 2000 alikuwa wa 33. Mwaka 2021 akawa wa 20.

Ufisadi wa wakati wake haukuwa wa kusingiziwa. Chukua genge la wiski la mji wa St. Louis. Ushuru ulikuwa senti 70 kwa galoni. Mwenye kiwanda aliandika galoni pungufu kuliko alizopika, afisa wa ushuru akafumba macho, fedha iliyokwepwa ikagawanywa. Waziri wa Fedha, Benjamin Bristow, aliwanasa kwa hesabu nyepesi: watu wake walifuatilia kimyakimya shehena zilizotoka mjini, wakazilinganisha na ushuru uliolipwa. Mei 1875 viwanda vikavamiwa. Watu 110 walitiwa hatiani, na zaidi ya dola milioni 3 zikarudi serikalini. Hakuna ushahidi kwamba Grant alikula hata senti, lakini alitoa ushahidi wa kiapo kumtetea katibu wake, Orville Babcock, naye akaachiwa huru. Hapo hana pa kujitetea: aliwaamini marafiki kupita kiasi, na hazina ya taifa ndiyo iliyoumia.

Kwa nini basi kashfa zilimeza mengine yote kwa miongo mingi? Mwanzoni mwa karne ya 20 historia ya kipindi kile ilitawaliwa na William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia na wanafunzi wake, walioona kwamba kuwapa watu weusi kura lilikuwa kosa. Ukianzia hapo, jeshi la Grant huko Kusini, kwenye majimbo yaliyoshindwa vitani, ni uonevu, na kila hongo ni ushahidi kwamba mpango mzima wa kuwapa watu weusi haki ulikuwa umeoza. Mwanahistoria mweusi W. E. B. Du Bois aliwajibu kwa kitabu kinene mwaka 1935, ila wenzake wengi hawakumsikiliza hadi vuguvugu la haki za kiraia lilipopamba moto.

Ndipo vilivyoachwa chini vikaokotwa. Marekebisho ya 15 ya Katiba, yanayokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, yaliidhinishwa 1870. Wizara ya Sheria iliundwa mwaka huohuo. Oktoba 1871, katika kaunti tisa za South Carolina, Grant alisimamisha haki ya aliyekamatwa kufikishwa haraka mbele ya hakimu, ili askari wawakamate watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu waliokuwa wakiwachapa na kuwaua wapiga kura weusi. Mamia walikamatwa, na kundi lile likasambaratika. Tendo hilo lina uzito kuliko mapipa yote ya St. Louis.

Namba za orodha zisomwe kwa tahadhari. C-SPAN hutumia vigezo 10, na kimojawapo ni juhudi za kuleta haki sawa kwa wote. Ukikiondoa hicho, Grant anashuka.

Tena mizani mpya humwongezea mashtaka pia. Mkataba wa 1868 uliwaachia Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, milima ya Black Hills. Dhahabu ilipopatikana 1874, serikali ya Grant ilijaribu kuinunua, ikakataliwa. Novemba 1875 ikaamua kwa siri kuacha kuwazuia wachimbaji, na vita vikafuata. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Walakota na ndugu zao wa Sioux walipwe fidia kwa ardhi hiyo. Wamekataa kuipokea; wanataka milima yao.