Imani Haiamrishwi: Mtazamo wa Kikristo kuhusu Uhuru wa Dini na Mipaka ya Dola

Wakristo wengi wanaposikia habari ya kutenganisha dini na dola huhisi kwamba kuna kitu wananyang'anywa. Hudhani ni hila ya watu wasioamini, iliyobuniwa ili Kanisa lifungiwe ndani ya kuta zake na jina la Mungu lisitajwe tena hadharani. Makala hii inaeleza kwa nini hofu hiyo haina msingi, na kwa nini mtu anayeyasoma Maandiko kwa makini, tena anayeijua historia ya Kanisa pamoja na madoa yake, ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutaka serikali isiwe na kauli juu ya ibada ya mtu yeyote.

Mahali pa kuanzia ni ile dinari ya Mathayo sura ya 22. Mafarisayo na Maherodi walimwendea Yesu na swali la kodi wakiwa wamelipanga kama mtego: akisema kodi ilipwe, watu waliochoshwa na utawala wa Rumi watamwona msaliti, akisema isilipwe, atashtakiwa kwa uasi. Yeye aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza sanamu iliyochorwa juu yake ni ya nani, kisha akasema, "Basi, mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Mungu yaliyo ya Mungu." Jibu hilo husomwa mara nyingi kana kwamba linagawa dunia katika mafungu mawili yaliyo sawa, moja la mtawala na jingine la Mungu, na kila mmoja abaki upande wake. Tertuliano, mwalimu wa Kanisa aliyeishi Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliliona jambo hilo kwa undani zaidi. Sarafu ina sanamu ya Kaisari, kwa hiyo ni haki arudishiwe Kaisari. Lakini mwanadamu mwenyewe ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo mwanadamu ni wa Mungu. Kaisari anaweza kudai sarafu iliyo mkononi mwa raia, lakini hawezi kumdai yule aliyeishika.

Hapo ndipo mipaka ya dola inapoonekana. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi katika sura ya 13, aliitaja mamlaka ya serikali kuwa ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya kutenda haki na kuzuia uovu, akaagiza kodi na heshima zitolewe kwa wanaostahili. Aliyatamka hayo wakati kiti cha enzi kikikaliwa na Nero. Kwa hiyo Mkristo hana ruhusa ya kuidharau serikali eti kwa sababu viongozi wake si waumini. Lakini Petro na mitume wenzake, walipoamriwa na baraza la Yerusalemu wanyamaze, walijibu, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Serikali imepewa kazi ya kweli, na kazi hiyo ina kikomo. Hakuna mahali popote katika Agano Jipya ambapo mtawala amekabidhiwa jukumu la kuamua mafundisho yapi ni ya kweli, nani abatizwe, au nani aadhibiwe kwa kukosea katika sala zake.

Sababu ya kikomo hicho imo katika jinsi imani yenyewe ilivyo. Imani ni mtu kumwitikia Mungu kwa hiari ya moyo wake, na itikio linalopatikana kwa tishio la jela au la kufukuzwa kazi si imani; ni woga uliovaa mavazi ya ibada. Yesu hakumzuia hata mmoja aliyetaka kuondoka. Wanafunzi wengi waliporudi nyuma kwa sababu ya ugumu wa maneno yake, aliwageukia wale kumi na wawili akawauliza, "Je! Ninyi nanyi mwataka kuondoka?" Kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea, na Yakobo na Yohana wakataka waagize moto kutoka mbinguni ukiteketeze, aliwakemea, wakaenda kijiji kingine. Na katika mfano wa magugu, watumwa wanaotaka kuyang'oa wanazuiwa wasije wakaing'oa ngano pamoja nayo: "Viacheni vyote vikue hata wakati wa mavuno." Yesu mwenyewe anafafanua kwamba konde lile ni ulimwengu. Kanisa lina nidhamu yake ndani, na linaweza kumtenga mshirika aliyeiacha imani. Lakini huko nje, kondeni, hukumu imeahirishwa, na aliyeiahirisha ni mwenye shamba.

Kwa karne tatu za mwanzo Wakristo walilijua jambo hili kwa maumivu yao. Karibu mwaka 212, Tertuliano alimwandikia Scapula, liwali wa Kirumi aliyekuwa akiwatesa Wakristo, akamweleza kwamba ni haki ya asili ya kila mtu kuabudu kadiri ya imani yake, na kwamba si kazi ya dini kumlazimisha mtu kufuata dini. Mwaka 311 maliki Galerius, aliyekuwa mtesaji mkali, alisimamisha mateso akiwa karibu kufa. Na mwaka 313 maliki Konstantino na mwenzake Licinius walikubaliana huko Milano kuwapa Wakristo na watu wote uhuru wa kufuata dini waitakayo, na mali za makanisa zilizokuwa zimetwaliwa zikarudishwa.

Laiti mambo yangebaki hapo! Mwaka 380 maliki Theodosio alitoa amri iliyoufanya Ukristo wa imani ya Nikea, yaani ule unaoungama Utatu, kuwa dini ya dola, na wasioufuata wakaonywa kwamba adhabu ya mtawala inawangoja. Matunda ya mabadiliko hayo hayakuchelewa. Karibu mwaka 385, katika mji wa Trier, Priscillian, askofu kutoka Hispania, aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake kwa hukumu ya mahakama ya maliki Maximus. Washtaki wake walikuwa maaskofu wenzake. Martino wa Tours alikuwa amemsihi Maximus asimwage damu, akisema inatosha wazushi watengwe na makanisa kwa hukumu ya maaskofu. Na baada ya mauaji, Martino na Ambrosi wa Milano walikataa kushirikiana na maaskofu waliohusika. Kanisa lililokuwa likiwazika mashahidi wake lilikuwa limeanza kutengeneza mashahidi wa wengine, na hilo lilitokea kabla hata haujapita muda wa maisha ya mtu mmoja na nusu tangu makubaliano ya Milano.

Augustino mwenyewe, ambaye mwanzoni alipinga matumizi ya nguvu dhidi ya Wadonati, Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waliojitenga na Kanisa, alibadili msimamo alipoona kwamba sheria za maliki zinawarudisha watu kanisani. Alitumia yale maneno ya mfano wa karamu katika Luka 14, "ukawashurutishe kuingia ndani," kama hoja ya kuwatisha kwa sheria. Namheshimu Augustino kuliko waalimu wengi wa Kanisa, lakini katika hili alikosea, na kosa lake lilikuwa na maisha marefu, kwa kuwa maneno hayo yalitumiwa tena na tena katika karne zilizofuata kuhalalisha mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyakusudia.

Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, yaliyozaa Uprotestanti, hayakuliponya jeraha hilo mara moja. Mwaka 1527 watawala wa Zürich, mji uliokuwa umepokea Matengenezo, walimzamisha Felix Manz katika mto Limmat kwa sababu ya kufundisha na kutenda ubatizo wa watu wazima. Mwaka 1553 Michael Servetus alichomwa moto Geneva kwa kuukana Utatu. Mapatano ya Augsburg ya mwaka 1555 yalimpa kila mtawala wa Kijerumani nafasi ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri kwa niaba ya eneo lake lote, na raia asiyeridhika akaruhusiwa kuhama. Dhamiri ya mkulima ikawa sehemu ya mali ya bwana wake.

Sauti zilizolipinga jambo hilo zilitoka hasa kwa Wakristo wadogo, waliokuwa hawana mtawala wa kuwalinda. Mwaka 1612 Thomas Helwys, mmoja wa Wabaptisti wa kwanza Uingereza, aliandika kwamba mfalme ni mwanadamu anayekufa, si Mungu, na kwa hiyo hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba hakudai uhuru kwa ajili ya kundi lake peke yake. Aliwataja kwa uwazi Waislamu, Wayahudi na hata wale aliowaona kuwa wazushi, akisema mamlaka ya dunia haina haki ya kuwaadhibu kwa ajili ya imani yao. Alifungwa katika gereza la Newgate, akafa karibu mwaka 1616. Roger Williams, mchungaji aliyehukumiwa kufukuzwa koloni la Massachusetts huko Amerika mwaka 1635, alianzisha mji wa Providence mwaka uliofuata, ambako mtu hakuadhibiwa kwa sababu ya dini yake. Katika maandishi yake ya mwaka 1644 alizungumzia ukuta unaoitenga bustani ya Kanisa na nyika ya ulimwengu. Ukuta wake ulikuwa wa kuilinda bustani.

Wanaodhani kwamba ukuta huo ulijengwa na wapinzani wa imani wanapaswa kukumbuka pia barua ya Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani, ya tarehe 1 Januari 1802, ambayo maneno yake kuhusu ukuta kati ya Kanisa na dola yamenukuliwa mno katika mijadala ya kisheria nchini Marekani. Barua hiyo ilikuwa jibu kwa Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, waliolalamika kwamba katika jimbo lao uhuru wa ibada ulichukuliwa kuwa fadhila ya serikali, wala si haki ya mtu. Kanisa Katoliki nalo, baada ya mjadala mrefu, lilitangaza katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, kwamba haki ya uhuru wa dini ina msingi wake katika hadhi ya mwanadamu mwenyewe, na kwamba hapaswi kushurutishwa kutenda kinyume cha dhamiri yake.

Kutenganisha dini na dola, basi, hakumnyamazishi Mkristo. Nathani alimkemea Daudi usoni, na Yohana Mbatizaji alimwambia Herode kwamba si halali kwake kuwa na mke wa ndugu yake. Muumini anapiga kura, anagombea, anapinga rushwa, anaendesha shule na hospitali, na anatoa hoja zake hadharani kama raia mwingine yeyote. Kinachokatazwa ni dola kuikopesha dini moja upanga wake, au dini kuikopesha dola madhabahu yake. Serikali haipaswi kumteua askofu, kutoza kodi kwa ajili ya watumishi wa dhehebu fulani, wala kufanya imani kuwa sharti la cheo. Na mchungaji anayewaelekeza waumini mimbarani wamchague mgombea fulani, hasa baada ya mgombea huyo kutoa sadaka nono, ameiuza sauti ambayo kesho ataihitaji kumkemea mtu huyo huyo.

Uhuru huu una mipaka yake pia. Hakuna anayeweza kujificha nyuma ya ibada ili kumpiga mtoto, kumnyima mgonjwa matibabu kwa nguvu, au kuwatapeli watu fedha zao kwa ahadi za miujiza. Swali la kuulizwa ni kama sheria inayozuia kitendo hicho ingekizuia hata kama kisingetendwa kwa jina la dini, na kama inawahusu watu wa dini zote kwa usawa. Sheria ya namna hiyo inamlinda jirani. Sheria inayolenga mafundisho ya kundi moja, hata kundi ambalo wengi wetu tunaliona limepotoka, imevuka mpaka. Ibara ya 18 ya Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataja pia uhuru wa kubadili dini, na hili huwa gumu hata katika nyumba za Kikristo: mzazi anaweza kulia, kuomba na kushauri, lakini kijana mtu mzima aliyeiacha imani ya wazazi wake bado ni mtoto wao, na haki zake katika familia hazipaswi kutumiwa kama kamba ya kumvutia.

Nadhani mtihani mgumu zaidi kwa Kanisa ni pale serikali inapokuwa rafiki. Huko Ujerumani, baada ya mwaka 1933, sehemu kubwa ya Waprotestanti walivutiwa na utawala wa Hitler uliowaahidi heshima, na kukawa na harakati ya kuwaondoa katika utumishi wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Waprotestanti waliopinga hayo, waliokutana katika mji wa Barmen mwishoni mwa Mei 1934, walikataa fundisho kwamba dola inaweza kuwa mtawala wa maisha yote ya mwanadamu, wakakataa pia kwamba Kanisa linaweza kugeuka kuwa chombo cha dola. Lilikuwa tamko la ujasiri. Hata hivyo halikusema neno juu ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa nje ya Kanisa, na mwanateolojia Karl Barth, aliyekuwa mwandishi mkuu wa tamko hilo, baadaye alikiri hatia yake kwa kutolifanya suala hilo kuwa la lazima. Waliulinda uhuru wa Kanisa, na jirani yao akabaki mlangoni.

Ndiyo maana ni lazima swali la uhuru wa dini lianze na mtu asiyeamini kama sisi. Waumini wa dini nyingine wanapotimiza masharti yote ya ujenzi na bado wakanyimwa kibali cha kujenga nyumba ya ibada, au mtumishi wa umma anapopoteza kazi kwa sababu hana dini, kusanyiko la Kikristo lililo jirani lina kazi ya kufanya: kuandika kwa mamlaka husika likitaja kifungu cha katiba kilichovunjwa, kuhudhuria kikao ambapo shauri linasikilizwa, na kutoa ushahidi likiitwa. Paulo aliudai uraia wake wa Kirumi alipokuwa karibu kupigwa mijeledi bila kuhukumiwa, na akakata rufani kwa Kaisari. Njia hizo hizo za sheria zinaweza kutumika kwa ajili ya mtu mwingine, na wa kwanza kuzitumia wawe wazee wa kanisa.